Kasi Haichukui Nafasi ya Nguvu

Inadaiwa kwamba rili bora ya kurushia chambo bandia kikubwa, kama kile cha kuvulia samaki aina ya maski katika maziwa ya Wisconsin, Marekani, ni ndogo, nyepesi na yenye uwiano mkubwa wa gia, yaani idadi ya mizunguko ya kigurudumu cha uzi kwa kila mzungusho wa mpini. Wepesi huo haumfai kitu mvuvi anayerusha gramu 200 kutwa nzima. Dai la kasi itokanayo na uwiano mkubwa ni dhaifu zaidi: uwiano wa 8:1 hupunguza nguvu ya kuvuta, hivyo chambo chenye mabamba mawili yazungukayo majini hugeuza kila mzungusho kuwa adhabu, ilhali rili kubwa ya 5:1, yenye kigurudumu cha kipenyo kikubwa na mpini mrefu, hukunja uzi wa kutosha bila kuyasaga meno ya gia.