Mbung'o wa Katavi wamesingiziwa

Hoja iliyochapishwa ni hii: tuhariri jeni za mbung'o wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wasizaane, wanyamapori wapone nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hifadhi istawi.

Wapone nini? Nyati na pofu hubeba vimelea vya nagana bila kuugua. Anayekufa ni ng'ombe. Huo ni mradi wa mifugo. Uitwe hivyo, usivalishwe sare ya askari wa wanyamapori.

Kisha tunaletewa ushahidi wa Unguja. Kweli, mbung'o walitokomezwa huko katika miaka ya 1990, lakini kwa madume waliokuzwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Hakuna jeni hata moja iliyohaririwa! Tena Unguja ni kisiwa, na ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Katavi imezungukwa na bahari gani? Miombo inaendelea hadi Tabora, na mdudu mwenye jeni mpya akishaachiwa harudishwi.

Kuhusu Mto Katuma unaopita hifadhini, kimya. Kiangazi viboko hurundikana matopeni kwa sababu maji yamechepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Maabara gani itahariri hilo? Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ikague michepuko hiyo kwanza.