Ukumbi wa Picha: Lenzi Nayo Hupimwa Shabaha

Ndugu msomaji, kila aliyepitia mafunzo ya kijeshi anajua kwamba bunduki haipelekwi kazini siku ile ile inapotolewa ghalani. Kwanza hupelekwa uwanjani. Askari hulala chini, huiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, hufyatua risasi kadhaa kwa kulenga mahali pamoja, kisha huenda kuitazama karatasi. Hapo ndipo ajuapo kama bunduki yake yapiga juu au chini, kushoto au kulia, na hapo ndipo airekebishapo. Juma hili napenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wale wapigao picha za familia na za shughuli za kikosi, kwamba lenzi ya kamera nayo yataka kupimwa vivyo hivyo. Mimi nililitambua jambo hilo nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Mwaka 2015 nilikwenda Mucojo, kwa wakwe zangu. Mucojo iko pwani katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji wake wengi ni Wamwani, ambao lugha yao ni jirani ya Kiswahili. Shemeji yangu mdogo alikuwa anaolewa, nami nilikabidhiwa kazi ya kupiga picha. Kwa ajili ya safari hiyo nilikuwa nimenunua lenzi ya milimita 50, isiyovuta karibu wala mbali, yenye tundu lifungukalo hadi f/1.4. Haikuwa ya kiwanda kilichotengeneza kamera yangu, bali ya kiwanda kingine chenye bei nafuu. Niliipachika, nikapiga picha mbili tatu za maua barazani, nikazitazama katika kioo kidogo cha nyuma ya kamera, nikaridhika.

Sherehe ilifanyika usiku kwa mwanga wa karabai mbili. Kinamama walicheza tufo, nyuso zao zikiwa nyeupe kwa msiro, ule unga wa mti usagwao juu ya jiwe kwa maji. Baba mkwe aliketi kitini kwa kanzu na kofia, akanitazama bila ya kutabasamu, kama ilivyokuwa desturi yake. Nilimpiga picha 14.

Yaliyofuata mengi yanajulikana. Mwezi Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia, yakaenea pwani nzima. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani hiyo hiyo. Mwaka 2020 maelfu ya watu walikimbia kwa mashua hadi ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, na wakwe zangu walikuwa miongoni mwao. Waliondoka na nguo walizovaa. Albamu ilibaki nyumbani, wala nyumba hatukuiona tena. Mwaka uliofuata baba mkwe alifariki dunia. Mama mkwe akaniletea ujumbe: "Mwanangu, wewe ulimpiga picha baba yenu. Niletee sura yake."

Nilizifungua picha zote 14. Katika kila moja ndevu za mzee zilikuwa wazi, hata ungeweza kuzihesabu nywele zake moja moja. Macho yake, katika zote, yalikuwa yamefunikwa na ukungu.

KWA NINI LENZI HUKOSA SHABAHA

Lenzi yenye tundu kubwa ni neema kwa mpiga picha wa usiku. Tundu la f/1.4 huingiza mwanga mara 4 ya lile la f/2.8, hivyo huweza kupiga picha kwa taa ya nyumbani bila ya kuwamulika watu kwa ghafula machoni. Askari wa upelelezi apigaye picha ya kielelezo gizani, na mama ampigaye mtoto wake aliyelala, wote wataifurahia. Lakini neema hiyo ina gharama yake. Ukisimama mita 1.5 kutoka kwa mtu, na lenzi ya milimita 50 ikiwa wazi kabisa, sehemu itakayokuwa wazi pichani, tangu mbele hadi nyuma, haizidi sentimita 7 hivi, na katika kamera ndogo hupungua zaidi. Kamera ikilenga sentimita chache tu mbele ya jicho, umepata ndevu na umekosa macho.

Katika kamera za kidijitali zenye kioo ndani, mwanga hugawanyika njia mbili. Moja huenda kwenye kipimo kilichoko chini ya kamera, ambacho huiamuru lenzi isogee wapi. Nyingine, kioo kinapoinuka, huenda mahali picha inapoandikwa. Njia hizo mbili zapasa kulingana sawasawa. Kiwanda huruhusu tofauti ndogo katika kamera, na tofauti ndogo nyingine katika lenzi. Mara nyingi tofauti hizo hufutana. Mara nyingine hujumlishana. Kwa lenzi ya kiwanda kingine yako jambo la ziada, kwamba mara nyingi waliyoitengeneza hawakupewa siri zote za mazungumzo kati ya kamera na lenzi, wakalazimika kuzichunguza wenyewe.

Hii si kusema kwamba lenzi hizo ni mbovu. Viwanda vya Japani kama Tamron na Tokina, vilivyoanza mwaka 1950, na Sigma, kilichoanza mwaka 1961, vimejijengea heshima kubwa. Hata katika sinema mambo ni hayo. Filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1975, ina maonyesho yaliyopigwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa lenzi za milimita 50 zenye tundu la f/0.7. Zeiss walizitengeneza kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, si kwa ajili ya kamera ile ya sinema. Fundi Ed DiGiulio ilimbidi aibadili kamera yenyewe ili lenzi ikae mahali pake. Basi lenzi ya kigeni yaweza kufanya kazi njema kabisa, mradi apatikane mtu wa kuipatanisha na kamera.

MATAYARISHO

Kabla ya yote, ikague lenzi. Imulike kwa tochi upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Sisi watu wa pwani tuna adui wawili, chumvi na unyevu. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, nayo haiponi kwa kufuta nje. Futa vumbi, uondoe na kichujio cha bei rahisi kama kimefungwa mbele.

Kisha tafuta vitu vifuatavyo: meza imara, mfuko wa mchanga au wa mchele, rula ndefu, na ukurasa wa gazeti wenye herufi kubwa nyeusi. Bandika ukurasa huo juu ya kipande cha ubao na ukisimamishe wima, kikielekeana sawasawa na kamera. Kando yake ulaze rula kwa mshazari, mwisho wake mmoja ukija kwako na wa pili ukienda nyuma, na katikati ya rula pawe sambamba na uso wa gazeti. Wengine huilenga rula yenyewe. Hilo ni kosa, kwani kipimo cha kamera ni kipana kuliko kile kidoa uonacho, na huweza kushika tarakimu yoyote ya rula kikakupotosha. Lenga gazeti, rula ni shahidi tu.

Umbali uwe ule unaoutumia kwa kawaida. Kwa lenzi ya milimita 50, kati ya mita 1.25 na 2.5 pafaa sana. Fanya kazi hii kivulini mchana, penye mwanga wa kutosha.

NAMNA YA KUPIMA

Fungua tundu hadi mwisho. Chagua kidoa cha katikati peke yake. Iegemeze kamera juu ya mfuko, na utumie saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitikise. Sasa piga picha 10. Kabla ya kila picha izungushe lenzi kwa mkono hadi ipotee kabisa, mara 5 upande wa mbali na mara 5 upande wa karibu, ndipo uiache kamera ilenge upya. Mwisho piga picha nyingine chache kwa kulenga kupitia kioo cha nyuma, maana hapo kamera hupima mahali pale pale picha inapoandikwa. Hizo zitakuwa mizani yako.

Zikuze picha zote na uisome rula, ukiandika daftarini ni wapi palipo wazi zaidi. Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, nayo ni ile ile tuliyofundishwa uwanjani: usirekebishe kwa risasi moja. Mkufunzi wetu wa shabaha huko JKT alikuwa akimkemea kijana anayegusa bunduki baada ya tundu la kwanza. Alitaka kuona matundu yote kwanza. Matundu yakikaa pamoja mahali pasipotakiwa, bunduki ni nzima, yataka kurekebishwa tu. Yakitawanyika karatasi nzima, tatizo ni jingine, na kurekebisha ni kujidanganya.

Lenzi ni hivyo hivyo. Picha 10 zikikosea zote upande mmoja kwa kadiri moja, shukuru, maana dawa ipo. Zikiwa hii mbele na ile nyuma, tazama kwanza kama mwanga ulipungua, kama meza ilicheza, au kama kidoa kilishika mahali pasipo na mistari. Kamera hulenga kwa kutafuta tofauti ya weusi na weupe. Ndiyo maana shavu laini lililopakwa msiro huitatiza. Lenga ukingo wa jicho.

KUREKEBISHA

Kamera nyingi za daraja la kati na la juu zina ukurasa wa kurekebisha ulengaji kwa kila lenzi, aghalabu kuanzia -20 hadi +20 kwa Canon na Nikon. Alama ya kujumlisha huisukuma shabaha nyuma, mbali nawe. Ya kutoa huivuta mbele, karibu nawe. Kama rula yako i wazi mbele ya gazeti, ongeza 5, upige tena picha 10. Endelea kwa hatua ndogo hadi katikati ya rula na gazeti vikubaliane. Aidha, Sigma tangu mwaka 2013, na Tamron tangu mwaka 2016, wameuza kifaa kidogo cha kuunganisha baadhi ya lenzi zao na kompyuta, na kwa kifaa hicho waweza kurekebisha kwa umbali mbalimbali.

Ukimaliza, rudia kipimo jioni kwa taa utakayoitumia, kwani baadhi ya kamera hubadilika chini ya mwanga wa rangi nyingine. Pima pia kwa f/2.8, maana lenzi nyingine huhamisha shabaha tundu linapopunguzwa.

Mwisho piga picha ya ukuta ulionyooka, ukilinganisha pembe zake nne. Kama upande mmoja una ukungu na mwingine u wazi, vioo vya ndani havikukaa sawa. Hilo halina ukurasa wa kuliponya. Mrudishie muuzaji mapema. Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani wamepona tofauti ya njia mbili, kwa sababu kamera zao hupima pale pale picha inapoandikwa. Hata hivyo kipimo cha tundu na cha pembe nne chawahusu.

Kazi yote hii ni ya saa moja au mbili. Mwaka jana nilijipa moyo, nikaitoa ile lenzi yangu ya Mucojo kabatini na kuipima. Picha 10 zote zilikosea mbele, kwa kadiri moja. Niliongeza 9, ikalenga sawasawa. Haikuwa mbovu hata siku moja.

Ile picha niliichapisha hivyo hivyo, nikampelekea mama mkwe. Aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga. Kisha akasema, "Ndevu ni zake kabisa. Macho nitayakumbuka mwenyewe." Hakunilaumu kwa neno lolote, nami hadi leo sijapata la kumjibu.

Basi, ndugu msomaji, iwapo una lenzi mpya, na likizo ya baba i karibu, au kuna kijana wa kuagwa kikosini, au bibi arusi wa kutolewa ndani, usingoje siku yenyewe ifike. Toa meza nje Jumamosi hii, simamisha gazeti, laza rula. Na ukurasa huu ukikwisha kuusoma, herufi zake zatosha kwa kazi hiyo.