TAA ILIYOWEKWA JUU SANA



Kila mara tukizungumza juu ya hatari ya kusafiri usiku katika ziwa letu la Tanganyika, kuna mmoja anayesimama na kusema: «Watujengee mnara mrefu wa taa juu ya kilima, watu wote wauone toka mbali.» Mimi ninakataa. Sababu yangu iko mbali kidogo, kule Cape Point katika Afrika ya Kusini, mahali ambapo wandugu wetu wanaokaa Cape Town wanaweza kwenda kutembea siku ya konje.

Cape Point ni ncha ya miamba inayoingia katika bahari. Miti mirefu hakuna, ni vichaka na upepo tu. Pori lile linalindwa tangu mwaka 1939. Utakuta pale punda milia wa mlimani, mbuni, pofu wakubwa kama ng'ombe, na ndege wa baharini wanaoanika mabawa juu ya mawe. Kuna majira nyangumi wanakaribia pwani. Na nyani! Hao hawana haya hata kidogo. Ukifungua kioo cha gari, mkate umekwisha kwenda. Lakini wageni njo waliowazoesha kwa kuwatupia chakula, na nyani aliyezoea kunyang'anya watu anaweza kuuawa. Hilo nalo lingefaa kuandikiwa ukurasa wake.

Sasa ile taa. Mnara wa kwanza ulianza kuwaka mwaka 1860. Wenyewe ni wa chuma, mfupi, mita 9 hivi, lakini waliuweka kwenye kilele, zaidi ya mita 230 juu ya maji. Walifikiri sawa vile sisi tunavyofikiri. Mbingu ikiwa safi, taa ilionekana mbali mno, hata meli zikadanganyika na kukaribia miamba kupita kiasi. Kiisha wingu likishuka, lilikaa pale pale kwenye taa. Chini, meli zinakopita, mtu aliweza kuona mbele yake, lakini taa haikuonekana kabisa.

Tarehe 18 Aprili 1911 meli ya Wareno, Lusitania (si ile ya Waingereza iliyozamishwa mwaka 1915), iligonga mwamba wa Bellows, karibu na taa ile ile. Ilibeba mamia ya watu. Kwa neema ya Mungu karibu wote waliokolewa, wachache wakafa. Baada ya hapo wakajenga mnara mwingine chini, mita 87 tu juu ya maji. Ulianza kuwaka mwaka 1919, na mpaka leo unatumika.

Lakini wageni wanapanda wapi? Kwenye mnara wa zamani! Wanapanda kwa miguu ama kwa gari linalovutwa na kamba ya chuma, wanapiga picha, wanarudi. Ule unaofanya kazi kila usiku unautazama toka mbali, ukifuata njia ya mguu, na wengi hawaendi. Jambo hilo linanisumbua kuliko ule ukungu.

Turudi kwetu. Wavuvi wa ndagala wanatoka usiku. Mitumbwi ya motere nayo inatembea gizani, imejaa magunia, mama na watoto. Mwenye kushika motere anajua mahali pa mawe kwa kukumbuka tu. Yeye ameketi karibu na maji. Wingu likifunika milima ya Marungu ama ya Itombwe, taa ya kilimani itamfaa nini?

Mimi ningetaka taa ndogo za nguvu ya jua, juu ya nguzo, kwenye kila kivuko na kila ncha yenye mawe. Mtaniambia wezi watachukua vyombo siku ya kwanza. Ni kweli kabisa. Basi kila taa ipewe mlinzi, mtu wa kijiji kile kile, naye alipwe kila mwezi. Feza za mnara mmoja mkubwa, pamoja na karamu ya kuufungua, zingelipa walinzi wengi.

Ninyi mnaotoka Moba, Kalemie, Baraka na Uvira, mkienda likizo waulizeni wazee wa motere majina ya mawe wanayoogopa usiku. Andikeni kila jina na kijiji chake, mniletee. Tukiwa na karatasi ile mkononi, tutaipeleka kwa wakubwa wa bandari.