Kupe Hajui Mpaka wa Ua

Sifa ya usafi wa Kigali imetolewa jasho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa 2 asubuhi hadi saa 5, watu hutoka na majembe na mapanga kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Mitaro huzibuliwa, nyasi za kando ya barabara hufyekwa. Kisha kila mmoja hurudi nyuma ya lango lake, na humo ndani, kwenye banda la mbwa na katika nyufa za ukuta, kupe wanaendelea kuzaana bila kuguswa na mtu.

Kupe wa mbwa ndiye aliyezoea nyumba kuliko wenzake wote. Hahitaji pori wala malisho. Jike akishashiba damu hujiachia, hutambaa hadi mahali penye giza, nyuma ya fremu ya mlango, chini ya mkeka, hata darini, na hapo hutaga mayai yanayoweza kupita 3,000. Kisha hufa. Watoto wake, wadogo kama chembe za mchanga na wenye miguu 6 badala ya 8 ya wakubwa, hubaki wakimngoja mbwa apite. Ndiyo maana anayemwogesha mbwa dawa Jumapili hukuta kupe tena baada ya wiki chache, akailaumu dawa. Kosa si la dawa. Kupe walio wengi hawako mwilini mwa mbwa. Wako ndani ya nyumba, na wengine wako kwa jirani.

Hapo kwa jirani ndipo penye kiini cha jambo. Uzio wa miti hauwezi kumzuia panya, paka wala mbwa anayezurura usiku, na kila mmoja wao anaweza kubeba kupe. Nyumba moja ikipulizia dawa na tatu zikakaa kimya, fedha zimetupwa.

Pembezoni mwa jiji, huko Bumbogo, Rusororo au Masaka, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kuna ng'ombe zizini. Tangu 2006 mpango wa Girinka umezipa familia maskini ng'ombe, na kwa familia ya namna hiyo ng'ombe mmoja ndiye maziwa ya watoto, mbolea ya shamba na akiba ya ada. Kupe wa masikio humletea ndigana kali: homa, tezi zilizovimba chini ya sikio, pumzi za shida, na mara nyingi kifo, hasa kwa ng'ombe wa kisasa. Wengi huamini ng'ombe asiyetoka zizini yuko salama. Hayuko salama, kwa kuwa kupe huja ndani ya mzigo wa majani yaliyokatwa bondeni. Lakini kuna nafasi ya kumwokoa. Vimelea vya ndigana huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya kupe baada ya kuanza kunyonya, kwa hiyo mfugaji anayekagua masikio na chini ya mkia kila baada ya siku moja anaweza kumtoa kabla hajaambukiza.

Binadamu naye hajasahauliwa. Mwaka 1905, huko Kasongo, mashariki mwa Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton alifariki kwa homa ya papasi akiwa anaichunguza homa hiyohiyo. Bakteria wa homa hiyo leo anabeba jina la Dutton. Papasi, ndugu wa kupe, hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi shimoni, na anaweza kukaa miaka bila kula. Kuziba nyufa kwa saruji ni kinga ya kweli dhidi yake.

Kupe aliyekwisha kung'ata ang'olewe kwa kibano kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja, kisha pasafishwe kwa sabuni. Kumchoma kwa kiberiti au kummwagia mafuta ya taa ni kuumiza ngozi bure, na kupe anayesumbuliwa huweza kutema mate yake ndani ya kidonda. Kuku nao wana kazi yao: watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, walikuta makumi ya kupe ndani ya matumbo ya kuku walioachwa wadonoe kati ya ng'ombe.

Dawa isichanganywe kwa makisio. Nchini Uganda, hasa magharibi, dawa zilizopimwa ovyo kwa miaka zimezaa kupe wasiokufa kwa dawa za kawaida, na mfugaji hubaki akinunua chupa baada ya chupa.

Wanyarwanda tayari wanacho chombo cha kazi hii. Isibo, kundi dogo la nyumba jirani, linaweza kukubaliana siku moja: mbwa wote waogeshwe, mabanda yamwagiwe maji ya moto, nyufa zizibwe, majani yafyekwe, na daktari wa mifugo wa sekta aelekeze vipimo vya dawa. Mvua hurudi Septemba, na kupe huamka nazo. Viongozi wa midugudu, yaani vijiji, wauchague umuganda wa Agosti, na safari hii malango yafunguliwe.