Maswali ya watoto kuhusu nyuki

Mvua za kwanza zikinyesha Mbinga, mibuni huchanua kwa pamoja. Kwa siku chache milima ya Umatengo hunukia kama asmini, na nyuki hujaa mashambani tangu asubuhi. Ndipo watoto huanza kuuliza: wanatafuta nini, nani anawaongoza, kwa nini wanauma?

Swali la pili ndilo wakubwa wengi hulikosea. Malkia hamwongozi yeyote. Kazi yake ni kutaga, na msimu ukiwa mzuri hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Wanaoonekana kwenye maua ni majike pia, nyuki vibarua. Kilichowatofautisha na malkia ni chakula tu, si yai: buu wa malkia hulishwa maziwa ya nyuki mfululizo, wenzake hubadilishiwa baada ya siku tatu hivi. Madume hawana mwiba wala hawachumi. Kazi yao ni kumpanda malkia angani, na anayefanikiwa hufa papo hapo. (Hapo kila mzazi atajua aeleze kiasi gani.)

Kibarua huanza na usafi wa mzinga, kisha ulezi, kisha kujenga masega kwa nta inayotoka tumboni mwake, kisha ulinzi mlangoni. Kutafuta mbochi na chavua huja mwishoni mwa maisha yake ya wiki sita hivi, na asali yake yote haijazi hata kijiko cha chai. Akigundua maua mengi hurudi na kucheza juu ya sega. Mwelekeo wa mchezo huwaonyesha wenzake upande wa kwenda kwa kufuata jua, na muda wake huwaonyesha umbali. Karl von Frisch, aliyefumbua lugha hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Kahawa ya arabika inaweza kujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakipita, matunda huongezeka. Anayepulizia dawa ya wadudu maua yakiwa wazi anajipunguzia mavuno.

Kuhusu kuuma: mwiba wa kibarua una vijino, hunasa kwenye ngozi, na nyuki mwenyewe hufa. Mwiba huo huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wengine. Ndiyo maana warina asali hutumia moshi, maana huifunika harufu hiyo. Mtoto aliyeumwa aondolewe mwiba haraka, hata kwa ukucha, na asisimame kuwapiga nyuki. Akimbie hadi ndani ya nyumba. Huku Mbamba Bay na Liuli watoto hudhani kupiga mbizi ziwani kutawaokoa, kumbe nyuki huweza kusubiri juu ya maji hadi kichwa kiibuke. Uso ukivimba, pumzi ikibana au mtoto akizimia, ni hospitali mara moja.

Lile wingu jeusi linalopanda kama moshi juu ya Ziwa Nyasa si nyuki. Ni visubi wa ziwani, hawaumi mtu, na ng'ambo ya Malawi watu huwakamata na kuwafinyanga kuwa kitoweo.

Linabaki jambo la asali yenyewe, ambayo bibi wengi humlambisha mtoto mchanga akikohoa. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazostahimili hata kuchemshwa jikoni. Tumbo la mkubwa huzidhibiti, lakini kwa mtoto aliye chini ya miezi 12 zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Bibi aombwe kwa heshima asubiri hadi mwaka utimie. Dalili huanza na choo kigumu, kisha mtoto hunyonya kwa udhaifu, kilio hufifia na shingo hulegea; huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kwamba alilambishwa asali.