Breki ya mbele sio pambo

Wadau, leo naomba niweke siasa pembeni kidogo. Nina jambo la pikipiki.

Wiki mbili zilizopita, pale Mwenge, mtoto wa shule alikatiza barabara mbele yangu. Nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaenda mpaka ukagusana na usukani, na pikipiki inakwenda tu. Ya nyuma ndiyo iliyotuokoa, tena kwa hatua moja. Mtoto akakimbia zake, mimi nikabaki natetemeka.

Fundi kutupia jicho tu akasema, "Kaka, pedi hizo." Nikanunua. Pedi mpya, ugonjwa ule ule. Nilipolalamika akanipa ushauri ambao madereva wengi wa bodaboda wanauamini: "Ya mbele achana nayo, itakurusha."

Hapo ndipo ninapogomba. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linaburuza. Ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki. Kinachorusha watu ni kuibana ghafla kama unakaba mwizi, au kuibana kwenye mchanga na kona.

Tatizo letu ni kununua dawa kabla ya kupima. Na kipimo chenyewe ni bure: bana ule mkono.

Ukiwa laini kama sponji, na ukipampu mara kadhaa unapanda, kuna upepo ndani. Ukizama polepole wakati umeubana, na hakuna panapovuja, mipira ya master silinda imechoka. Ukiwa mgumu lakini pikipiki haisimami, tazama pedi: zimelowa oili, zimeng'aa kama kioo, au pistoni za kalipa zimekwama kwa kutu na vumbi. Pedi iliyolowa oili haioshwi, inatupwa. Na diski nayo ina unene wa mwisho uliogongwa juu yake. Ikishuka chini ya hapo, badilisha.

Yangu ilikuwa upepo. Mafuta ya breki yalishuka kwenye kopo mpaka hewa ikaingia, na yaliyobaki yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 4 mapya hayachemki mpaka nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Yakichemka, mvuke wake unafanya kazi ile ile ya upepo.

Dawa? Chomeka mpira mwembamba kwenye nipo ya kalipa, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Bana mkono, fungua nipo, funga, ndipo uachie. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke. Usithubutu kuweka oili ya injini, inavimbisha mipira ya ndani.

Chupa moja ya mafuta na nusu saa. Basi! Hicho ndicho kilichokuwa kati yangu na yule mtoto.

Simlaumu fundi peke yake. Tunaosha pikipiki mpaka zinang'aa, tunabandika stika, mafuta ya breki hatuyatazami. Na abiria tunauliza bei tu.

Siku hizi kabla sijapanda bodaboda namwomba dereva abane breki ya mbele nione. Wengine wananuna. Acha wanune.