Muuzaji wa magari anapopima mfuko wako kwa kandambili



Kuna ile stori tunayoipenda sote. Mzee anaingia duka la magari na kandambili, shati limepauka, vijana wa mauzo wanaendelea kuchezea simu zao. Mzee anachomoa burungutu, analipia gari jipya, vijana wanabaki midomo wazi. Tunacheka na kumalizia: usidharau wembamba wa reli, treni inapita!

Mara moja moja hutokea kweli. Januari 2022 mkulima mmoja wa Tumakuru, jimbo la Karnataka kusini mwa India, alikwenda na wenzake duka la Mahindra kutafuta pikapu aina ya Bolero. Bei ilikuwa kama rupia milioni 1. Kwa maelezo yake, muuzaji alimtazama akamwambia pengine hata rupia 10 hana mfukoni. Jamaa akaondoka, na kabla ya muda mrefu akarudi na milioni yake taslimu. Sasa ikawa zamu ya duka kuhangaika, maana gari la kumkabidhi siku ile halikuwepo! Mkulima akapeleka malalamiko polisi, video ikasambaa, mwenyekiti wa kampuni Anand Mahindra akaandika hadharani kuhusu kulinda utu wa kila mtu, na kampuni ikaomba radhi.

Stori tamu. Lakini hebu tutulie kidogo. Je, kama yule mkulima asingekuwa na ile milioni? Kama alikwenda kuuliza bei tu ili aanze kudunduliza, yale maneno yangekuwa halali? Tukishangilia "kumbe anazo!", tunachoheshimu bado ni hela. Mtu mwenyewe hatujamfikia.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Kijana wa mauzo mara nyingi anategemea kamisheni. Siku nzima anazungusha watu wanaokaa kwenye usukani, wanapiga picha, halafu "nitarudi kesho". Kwa hiyo anatafuta njia ya mkato: viatu, saa, umekuja na usafiri gani. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe kibovu. Hela ya mkulima huja kwa msimu. Mkulima wa korosho wa Mtwara anaweza kukaa miezi na shati lile lile, minada ikianza Oktoba akalipwa fungu la maana kwa mkupuo. Mwenye suti na tai anaweza kuwa mshahara wake wote umeshaliwa na mikopo. Salio la benki halionekani kwenye kola.

Waliobobea kwenye kazi hii wanalijua hilo. Mmarekani Joe Girard, aliyekuwa akiuza Chevrolet huko Michigan, aliuza magari 1,425 mwaka 1973 peke yake, mteja mmoja mmoja, hadi akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kila mtu ana watu kama 250 wa kumhudhuria harusini na msibani, hivyo ukimuudhi mmoja umeudhi ukoo mzima. Kwetu ambako msiba mmoja unajaza mtaa, hesabu hiyo ni kali zaidi.

Ila dharau ndiyo sehemu inayoonekana. Isiyoonekana ni bei. Mwaka 1995 watafiti Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha matokeo ya utafiti wa Chicago. Walituma watu wawili wawili kujadili bei ya magari mapya, zaidi ya mara 300. Wote walivaa nguo za aina moja na kufuata mpango ule ule wa kujadiliana. Wanaume weusi waliishia kupewa bei iliyozidi ya wanaume weupe kwa takriban dola 1,100. Wanawake weusi walizidishiwa kama dola 410, wanawake weupe kama dola 92. Si lazima mtu atukanwe ili atajiwe bei ya juu. Huenda walipewa hata kahawa na tabasamu. Na wale waliofikiri dawa ni kupendeza, nguo zilikuwa sawa na bado haikusaidia.

Sasa turudi nyumbani. Ingia yadi ambayo magari hayana bei kwenye kioo, utaambiwa "bei maelewano". Maelewano hayo huanza kabla hujafungua mdomo. Ukija na ndala, hakuna wa kukufungulia mlango wa gari. Ukija na suti, unapewa bei ya suti. Ndiyo maana kuna wajanja wanaomtuma fundi akaulize kwanza, wao wakabaki nje. Mtu unajificha ili ununue kwa hela yako halali!

Maoni yangu: mafunzo ya tabasamu kwa vijana wa mauzo hayatoshi. Bei ibandikwe kwenye kioo, na punguzo kama lipo lijulikane, liwe moja kwa mwenye kandambili na mwenye tai. Hapo muuzaji hatakuwa na sababu kubwa ya kukagua viatu vya mtu. Na wenye yadi wanaodai soko halitaki hivyo, watuambie: maelewano hayo yanamsaidia nani hasa?

Nawasilisha. Wadau mnaouza na mnaonunua, mnalionaje hili?